Mahindi Yenye Kiu Ndani ya Maji

Mvua ya mwaka ikishika sawasawa huku Msambweni, Kwale, mashamba ya bondeni huwachanganya hata wakulima wa siku nyingi. Mahindi ya majani manne yamesimama ndani ya maji yanayofika kifundo cha mguu, na bado yamenyauka. Majani yamejikunja vilevile yanavyojikunja kwenye ukame wa Kinango mwezi wa Februari. Mama mmoja aliyekuwa amekunja leso yake hadi magotini aliniuliza, "Mwanangu, haya mahindi yana kiu ya nini na maji ndiyo haya?"

Swali lake linashinda majibu mengi anayouziwa. Siku hizi jibu huja ndani ya chupa. Mkulima anaingia agroveti, anaeleza kwamba shamba limefurika, anatoka na busta ya kunyunyiza majani ambayo karatasi yake imejaa majina makubwamakubwa ya homoni za mimea. Muuzaji hakudanganya alipotaja homoni. Ni kweli kwamba mche ulioishiwa hewa huishi au hufa kwa kutegemea homoni zake. Ila homoni haziokoi kwa kuwa nyingi. Kazi yake ni kupeleka habari mwilini mwa mmea, na habari ileile moja huufanya mche mmoja ukimbilie juu, mwingine ujifiche, mwingine ujitoboe mizizi. Kinachoamua ni mbegu inavyoisoma habari hiyo na maji yanavyokaa shambani, na hayo mawili hayafungwi kwenye chupa.

Tuanze na hewa yenyewe. Lita moja ya hewa tunayovuta ina takriban miligramu 280 za oksijeni. Lita moja ya maji ya nyuzi 20, hata yakiwa yameshiba hewa kadiri yanavyoweza, ina miligramu 9 tu. Yakipata joto la nyuzi 30, kama dimbwi la Msambweni saa nane mchana, zinabaki kama 7 na nusu. Tena oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Udongo ukishajaa maji, mizizi na vijidudu hugombania kile kidogo kilichomo, na kwa joto letu hukimaliza kwa siku moja au mbili. Hapa ndipo ushauri unaoandikwa kwa ajili ya Kitale unapotupotosha sisi wa pwani. Joto likipanda kwa nyuzi 10, upumuaji wa mizizi huongezeka karibu maradufu, wakati oksijeni majini imepungua. Mche wa mahindi unaoweza kuvumilia siku nne za maji katika baridi ya nyanda za juu huenda Diani usimalize siku mbili.

Mzizi hupumua usiku na mchana. Ukiwa na oksijeni, chembe moja ya sukari huupa vipande zaidi ya 30 vya ile nishati ambayo wanabiolojia huiita ATP. Bila oksijeni, chembe hiyohiyo hutoa 2, na kinachobaki hugeuka pombe. Ng'oa mche uliokaa majini siku ya tatu, ukwaruze mzizi kwa ukucha, uunuse: mwanzo unapata harufu ya tembo iliyolala, halafu uozo. Huo ni mzizi uliokuwa ukichoma akiba yake yote ili upate riziki ya kubabaisha.

Na kiu je? Chembe hai za mzizi zikikosa oksijeni, asidi hupanda ndani yake. Mwaka 2003 watafiti wa Montpellier, Ufaransa, walionyesha kwamba asidi hiyo huifunga milango ya protini ambayo maji hupitia kuingia mzizini. Milango ikifungwa, maji yanaweza kujaa shamba zima na mmea usipate tone. Majani yanaendelea kupoteza maji juani, chini hakuna kinachopanda. Mahindi ya mama yule yalikuwa na kiu kweli.

Sasa mmea unajuaje kwamba umezama? Oksijeni kupungua ni dalili, lakini ni dalili mbovu. Jani lililo chini ya maji hutengeneza oksijeni yake mchana kwa mwanga na kuimaliza usiku, kwa hiyo kipimo hupanda na kushuka bila kusema lolote la uhakika. Tena oksijeni ikishafika chini kabisa, nguvu ya kujenga kinga haipo tena. Mmea unahitaji kuambiwa mapema. Anayeuambia ni gesi moja nyepesi iitwayo ethilini.

Ethilini tunaijua sote bila kuitaja. Ndiyo inayoivisha ndizi zinapovumbikwa, na moshi unaotiwa kwenye shimo la ndizi unaharakisha kazi kwa sababu nao una ethilini ndani yake. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, kijana mtafiti wa St. Petersburg, aliona miche yake ya njegere ikikua kwa unene na kulala upande badala ya kusimama. Alifuatilia hadi akagundua kwamba gesi ya taa iliyokuwa ikivuja katika maabara ilikuwa na ethilini, na kiasi kidogo sana kilitosha kuupindisha mche. Baadaye ikafahamika kwamba mimea yenyewe huitengeneza, kila tishu, kila siku, kidogokidogo.

Hewani gesi hiyo hutoroka. Maji yakiuzunguka mmea, haina pa kutokea. Ni kama jiko la kuni lililofungwa dirisha: kuni hazikuongezwa, lakini macho yameanza kuwasha. Kwa muda wa saa moja au chini ya hapo, ethilini ndani ya tishu iliyozama imeshapanda mara nyingi, wakati oksijeni bado haijaisha. Hiyo ndiyo habari ya mapema, na uzuri wake ni kwamba haidanganywi na mchana wala usiku.

Yanayofuata yamefahamika katika miaka kumi na mitano hivi iliyopita, na kwangu mimi ni kati ya mambo mazuri kabisa katika sayansi ya mimea. Ndani ya kila chembe hai kuna protini za ukoo fulani ambazo kazi yake ni kuwasha jeni za dharura: jeni za kuchachusha sukari, za kubana matumizi, za kulinda chembe. Mmea hutengeneza protini hizo wakati wote na kuzivunja wakati wote. Inaonekana upotevu, mpaka ujue zinavunjwa kwa nini. Kuzivunja kunahitaji oksijeni pamoja na oksidi ya nitriki. Oksijeni ikiisha, uvunjaji husimama, protini hubaki, dharura huwashwa. Vikundi viwili vya watafiti vilichapisha ugunduzi huo wa upande wa oksijeni mwaka mmoja, 2011, katika jarida moja, Nature. Kisha mwaka 2019 Sjon Hartman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, wakaonyesha ethilini inaingilia wapi. Ethilini huongeza protini inayofyonza oksidi ya nitriki. Oksidi ikipungua, protini za dharura haziwezi kuvunjwa hata kama oksijeni bado ipo. Miche iliyopewa ethilini kwa saa chache kabla ya kunyimwa hewa iliokoa ncha za mizizi yake. Miche isiyopewa ilizipoteza. Mwaka 2022 kundi hilohilo likaongeza kwamba ethilini pia huusimamisha mzizi kukua na kupunguza sumu za oksijeni zinazochoma chembe, na kwamba kusimama huko ni sehemu ya wokovu.

Neno hilo la kusimama linahitaji kutiliwa maanani na kila anayenunua busta. Chupa nyingi zinaahidi ukuaji. Mche uliozama mara nyingi unahitaji kinyume chake.

Kuna kizuizi kimoja ambacho vitabu vya shule hukiruka. Hatua ya mwisho ya kutengeneza ethilini inahitaji oksijeni. Mzizi uliokosa hewa kabisa unakwama na malighafi mkononi, kiambata kiitwacho ACC, ambacho hupandishwa na utomvu hadi kwenye majani. Huko juu oksijeni ipo, kiambata kinageuka ethilini, na vikonyo vya majani vinainama. Ukiona nyanya za bustani ya Ukunda zimening'iniza majani chini asubuhi baada ya mvua kubwa, ingawa hayajanyauka bado, unaangalia ujumbe uliotumwa kutoka kwenye mizizi. Kent Bradford na Shang Fa Yang walilithibitisha hilo kwenye nyanya mwaka 1980.

Mahindi nayo hayakai tu yakisubiri kufa. Chukua mzizi wa mhindi ulioishi kwenye udongo wa tope kwa wiki moja, ukate kwa wembe kama sentimita tano kutoka ncha, uutazame kwenye mwanga. Utaona matundu. Kati ya ngozi ya nje na uti wa ndani, chembe zimejiua kwa mpangilio na kuacha mifereji inayopitisha hewa kutoka juu. Malcolm Drew na wenzake huko Uingereza walionyesha mwaka 1979 kwamba ethilini ndiyo inayotoa amri hiyo, na kwamba pia inahimiza mizizi mipya kuchomoza kwenye vifundo vya chini vya bua, karibu na uso wa maji. Katika kazi hiyo ethilini hushirikiana na auksini, homoni ya mizizi na ya kurefuka. Tatizo la mahindi ni muda. Mifereji huchukua siku mbili, tatu kuchimbwa. Mpunga huwa nayo kabla ya mafuriko, imechimbwa tangu mzizi ulipoanza, na watafiti wa Japani wakaonyesha mwaka 2019 kwamba hiyo ya awali ni kazi ya auksini.

Mpunga basi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo Kwale ilipo na cha kujifunza. Katika mabonde ya Msambweni, Ramisi na kushuka hadi Vanga, mpunga ni zao la akina mama kwa sehemu kubwa. Wanapanda mbegu walizorithi, Supa na Kibawa miongoni mwao, kwenye vijaruba vya udongo mzito vilivyo chini ya mashamba ya minazi na mikorosho. Vanga ina shida yake ya pekee: mto Umba unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, kwa hiyo mafuriko yanaweza kufika chini ya anga isiyo na wingu. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilipoifurisha mito ya Umba na Ramisi, wengi walijikumbusha jambo hilo kwa gharama.

Mpunga uliozamishwa hadi majani ya juu una njia mbili, na zote mbili zinaanzia kwenye ethilini. Katika tambarare za Bangladesh na Thailand kuna mpunga wa maji marefu. Maji yakipanda, ethilini inajikusanya, inawasha jeni mbili ambazo kundi la Motoyuki Ashikari wa Nagoya lilizipa jina SNORKEL mwaka 2009. Jeni hizo zinafungulia jiberelini, homoni ya kurefuka, na bua linaweza kurefuka hadi sentimita 25 kwa siku moja. Mpunga wa aina hiyo hufikia urefu wa mita kadhaa, ncha zake zikielea juu ya maji.

Njia ya pili ilipatikana Odisha, mashariki mwa India, kwenye mbegu ya kienyeji iliyoitwa FR13A. Mazao yake yalikuwa haba na wali wake haukusifika, lakini ikizamishwa kwa wiki mbili haifi. Kenong Xu na David Mackill walionyesha mwaka 1996 kwamba siri yake iko sehemu moja ya kromosomu ya 9. Miaka kumi baadaye, mwaka 2006, jeni yenyewe ikatangazwa: Sub1A, ya ukoo uleule wa protini za dharura niliotaja juu, na ukoo uleule wa SNORKEL. Nayo huwashwa na ethilini. Lakini ikishawaka, inafanya kinyume: inapunguza ethilini inayoendelea kutengenezwa na kuongeza protini zinazoifunga jiberelini. Mmea hausogei. Unaacha kurefuka, unaweka akiba ya wanga, unangoja. Maji yakitoka, unachipua upya.

Jeni za ukoo mmoja, gesi ileile, maelekezo yanayopingana. Kwa nini? Kwa sababu maji ya Bangladesh hupanda taratibu na kukaa miezi, na anayejificha hapo atafia mafichoni. Maji ya Odisha huja ghafla na kuondoka baada ya siku chache, na anayekimbilia juu hutumia akiba yote, halafu maji yakishuka anaanguka kwa bua refu lisilo na nguvu. Mafuriko ya Umba ni ya aina ya pili. Kwa hiyo bondeni Vanga mpunga unaojificha una manufaa kuliko unaokimbia, na kuunyunyizia jiberelini mpunga wa Vanga wakati maji yamejaa ni kuuhimiza mche ufanye lile ambalo litauua.

Mpunga uitwao Swarna uliotiwa Sub1A kwa njia ya kawaida ya kupandisha mbegu, bila uhandisi wa jeni, ulianza kutolewa kwa wakulima wa India mwaka 2009. Jaribio la mashamba ya wakulima wenyewe huko Odisha, lililochapishwa 2013, lilionyesha kwamba ukizama siku 10, huzaa takriban asilimia 45 zaidi ya Swarna ya kawaida, na mwaka usio na mafuriko haupungukiwi. Jaribio lilionyesha pia kwamba waliofaidika zaidi ni watu wa tabaka la chini, kwa kuwa mashamba yanayozama ndiyo waliyoachiwa. Anayejua ni nani hulima juu na nani huteremka bondeni katika vijiji vyetu hatahitaji maelezo zaidi. Nigeria imeshaidhinisha FARO 66 na FARO 67 zenye jeni hiyo.

Sub1A ina mipaka, na ningependa isemwe kabla haijaletwa na kusifiwa kupita kiasi. Haisaidii mpunga uliosimama kwenye maji ya magoti kwa miezi mizima. Haizuii chumvi, na Vanga maji ya bahari hupanda kukutana na ya mto. Zaidi ya yote, haisaidii mbegu kuota ndani ya maji. Hilo ni jambo la mwanzo kabisa katika maisha ya mche, nalo lina siri nyingine.

Mbegu ya ngano au mhindi ikizamishwa kabisa huoza, kwa sababu haiwezi kuvunja wanga wake. Kwa kawaida jiberelini ndiyo inayotoa amri ya kuvunja wanga kuwa sukari, lakini kuitengeneza jiberelini kunahitaji oksijeni. Mpunga umepata mlango wa nyuma: njaa yenyewe. Sukari ikipungua, ishara ya njaa inawasha kimeng'enya cha kuvunja wanga bila kungoja jiberelini, jambo ambalo watafiti wa Taiwan walilieleza 2009. Sukari inayopatikana haipelekwi mizizini. Yote inakwenda kwenye ala moja nyembamba inayolinda jani la kwanza, nayo inarefuka gizani kutafuta uso wa maji. Ikifika juu, oksijeni inashuka kupitia ndani yake, ndipo mzizi unapoanza. Mbegu moja ya Myanmar iitwayo Khao Hlan On inafanya hivyo vizuri kupindukia, na mwaka 2015 ikajulikana kwamba ina jeni inayopunguza kiambata kinachoiambia mbegu kuwa imeshiba. Mbegu hujiona ina njaa hata ikila, na ala huendelea kulishwa. Kwa mama anayetia mbegu moja kwa moja bondeni badala ya kuotesha kitaluni, jeni hiyo ina thamani kuliko Sub1A.

Umbali wa nusu saa kwa gari kutoka Ukunda, Gazi, kuna miche ambayo imeamua kutoingia kwenye ugomvi huu kabisa. Tope la mikoko ni jeusi kwa sababu halina oksijeni. Likichimbwa linanuka mayai viza. Mbegu ya kawaida ikianguka humo haioti. Mkoko, mkandaa na muia huotesha watoto wao wakiwa bado wananing'inia kwa mama, hewani. Kinachowezesha hilo ni upungufu wa homoni. Asidi ya absisiki ndiyo inayoiambia mbegu changa ilale na ikauke. Mwaka 1998 Elizabeth Farnsworth na Jill Farrant, huyu wa pili ni mwanasayansi wa Cape Town, walipima mikoko inayozaa miche na jamaa zake wasiozaa miche, wakakuta kwamba katika ile ya kwanza asidi hiyo imepungua mno kwenye viini. Hakuna anayekiambia kiini kilale, basi kinaendelea kukua. Mche unapodondoka tayari una urefu wa kuchoma tope, akiba ya chakula, na vitundu vya kupumulia kwenye ganda.

Vitundu hivyo ndivyo uhai wenyewe. Mwaka 1955 huko Florida, Per Scholander na wenzake walipaka grisi kwenye vitundu vya mizizi ya mikoko, na oksijeni iliyokuwa ndani ya mizizi ya tope ikashuka hadi karibu na sifuri kwa siku mbili. Pwani yetu imefanyiwa jaribio hilohilo kwa ukubwa: mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo wa mashamba hadi hori la Mwache, ukazika mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa ikiwa imesimama. Tope lilikuwa limeziba pua.

Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ilianza kupanda upya mikoko ya Gazi mwaka 1991, mahali palipokatwa miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Mikoko Pamoja, mradi wa hekta 117 ambao wanakijiji wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa yake tangu 2013, na baadaye mradi ndugu yake wa Vanga. Waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi wanajua jambo ambalo wageni wanaokuja kupanda miche kwa ajili ya kupiga picha hawalijui. Mche wa mkoko unaopandwa chini sana, pale panapofunikwa na maji karibu wakati wote, hauna muda wa kuvuta pumzi kati ya kujaa na kupwa. Mlilana, mti mwingine wa jamii ya mikoko, unaweza kukaa huko, mkoko unakaa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi. Ukipuuza mpangilio huo, hakuna homoni itakayokusaidia.

Turudi kwenye chupa. Sisemi kwamba homoni za kunyunyiza hazifanyi lolote. Nchini China, sitokinini iitwayo 6-BA ikinyunyiziwa mahindi yaliyofurikwa shambani imepunguza hasara, kwa kuchelewesha majani kuzeeka. Lakini ilikuwa homoni moja inayojulikana, kwa kipimo kilichopimwa, kwa wakati uliochaguliwa. Mchanganyiko wa auksini, jiberelini na mwani kwenye chupa moja, ukinyunyiziwa majani ya mche ambao mizizi yake imezibwa, unaagiza mambo matatu kwa mmea usio na nishati ya kufanya hata moja. Pesa hiyo afadhali inunue mbolea ya CAN. Udongo uliojaa maji hupoteza naitrojeni yake haraka, nyingine ikishuka chini na maji, nyingine ikigeuzwa gesi na vijidudu. Majani ya njano baada ya mafuriko mara nyingi ni njaa hiyo.

Ila usiiweke CAN maji yakiwa bado yametuama, na usiwe na haraka ya kung'oa. Kabla mhindi haujafikisha majani sita, kiini chake cha kukulia kiko chini ya uso wa udongo, ndiyo maana mche mdogo huuawa na maji upesi. Ngoja siku tatu hadi tano baada ya maji kutoka. Kisha chimba miche michache sehemu mbalimbali za shamba, ipasue bua kwa wima hadi chini. Kiini kikiwa cheupe na kigumu, mche utaamka, na hapo palilia ukiinulia udongo ili mizizi mipya ya vifundo ipate pa kushika, ndipo uweke mbolea. Kikiwa cha kahawia na laini, panda tena. Siku hizo za kungoja ni za hatari kwa namna nyingine: oksijeni inaporudi ghafla na jua kali, huzua sumu ndani ya chembe zilizodhoofika, na homoni nyingine, jasmoneti, huingia kazini kuamsha vizuia sumu. Baadhi ya miche inayodhaniwa kuuawa na maji huuawa na siku ya kwanza ya jua.

Kwa msimu ujao, mahindi ya bondeni yapandwe juu ya matuta, au bonde liachiwe mpunga. Mbegu za mahindi zilizotengenezwa Mtwapa kwa ajili ya pwani, Pwani Hybrid 1 na PH4, zinajua joto letu, ila hazina mifereji ya mpunga na hakuna atakayezilaumu kwa hilo.

Kwa upande wa mpunga, kuna kazi ambayo haihitaji maabara, na ambayo kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, Mtwapa, pamoja na maafisa wa kilimo wa kaunti wangeweza kuifanya na akina mama wa Msambweni na Vanga kabla mvua hazijaanza. Kusanyeni mbegu za kila nyumba, Supa ya huyu, Kibawa ya yule, kila moja na jina la mwenyewe. Tia mbegu 50 za kila aina kwenye beseni lenye udongo, zifunike kwa udongo wa sentimita moja, kisha jaza maji ya sentimita 10 juu yake siku hiyohiyo. Weka kivulini, ongeza maji yakipungua, na pembeni weka beseni la pili la mbegu zilezile lisilozamishwa, ili ujue ni mbegu gani zilikuwa zimekufa tangu mwanzo. Siku ya 21 hesabu miche iliyotokeza juu ya maji. Mbegu zilizotokeza nyingi ziandikwe jina, zipandwe sehemu ya chini kabisa ya bonde, na mwenye nyumba aliyezihifadhi aulizwe bibi yake alizipata wapi.